Friwili ya Mombasa Haipandi Skuta

Wasomaji wa ukurasa huu wamenizoea kwa habari za tenzi, za vyombo vya baharini na za misikiti ya kale, na huenda leo wakashangaa kuniona nimekunja miguu kuandika habari za meno ya baiskeli. Wasistaajabu. Mambo haya yamenifika mimi mwenyewe, tena yamenitia aibu mbele ya vijana, na aibu ikishaandikwa gazetini haina tena wa kuisengenya.

Marehemu baba aliniachia vitu vitatu: msahafu, saa ya mkono isiyokwenda, na baiskeli ya Raleigh aliyoinunua hapa Mombasa katika miaka ya 1960. Ni ile baiskeli nyeusi, ndefu, nzito, ambayo kiti chake kina springi mbili nyuma mfano wa makonokono, na breki zake si za waya bali ni fito za chuma zinazovuta raba zikaukaba ukingo wa gurudumu. Kenya nzima baiskeli za namna hii, iwe Raleigh ya Uingereza, Hero ya India au Phoenix ya Uchina, zimepewa jina la yule nyoka mbaya, Black Mamba. Uzito wake hupita kilo 20 kabla hujapakia hata nazi moja. Kwayo nilijifunza kupanda nikiwa mfupi kuliko kiti chake, mguu mmoja nimeupitisha chini ya bomba la juu, mwili wote umekaa upande kama kaa, na watoto wa Kuze na Kibokoni wa rika langu wana makovu ya kunishuhudia kwamba ndivyo tulivyojifunza sote.

Sasa, kisiwa chetu cha Mombasa ni tambarare. Mtu aweza kutoka Kibokoni akaenda Makupa akarudi, na kitu pekee cha kumtoa jasho kikawa ni jua. Mlima wetu mkubwa ni ule mwinuko wa kivuko cha Likoni, na huo nao wengi wetu twaupanda kwa miguu, tukiikokota baiskeli kama mbuzi wa sadaka. Baiskeli ya baba ilikuwa na meno 44 mbele, penye pedeli, na meno 18 nyuma, kwenye friwili. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuyahesabu. Yalikuwa yakinitosha, na kinachomtosha mtu hakihesabu.

Binti wa ndugu yangu ameolewa na mwalimu, nao wanakaa Skuta, mjini Nyeri. Mwana wao mkubwa amefika miaka 18, na katika barua zake (siku hizi ni ujumbe wa simu, lakini mimi naziita barua) aliniambia kwamba vijana wa huko wanashindana kwa Black Mamba katika njia za mashamba, si kwenye lami, na kwamba yeye hana ya kupandia. Nikaona hapa ndipo pa kuitolea amana ya baba. Nikaipaka mafuta, nikaifunga maboksi, nikaitia katika lori la jamaa, na mimi mwenyewe nikaifuata kwa gari la moshi hadi Nairobi na matatu hadi Nyeri. Ilikuwa likizo ya Agosti, na Mpwani yeyote aliyewahi kushuka Nyeri mwezi wa Agosti na koti moja atajua nilivyofika.

Skuta ni mtaa wenye jina la kumfanya mgeni atazamie pikipiki. Nami nilizikuta, nyingi mno. Lakini nilichokitazama zaidi ni ardhi. Nyeri iko kiasi cha mita 1,750 juu ya bahari, na hewa ya huko imepungua karibu sehemu moja katika tano ukilinganisha na hii yetu ya pwani. Upande mmoja uko Mlima Kenya, mita 5,199, ambao hujionyesha alfajiri na kujifunika kabla mtu hajamaliza kunywa chai. Upande wa pili ni safu ya Nyandarua. Katikati yake nchi yote ni migongo na mabonde, mgongo na bonde, kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, na kati ya kila vidole viwili pana mto. Udongo ni mwekundu. Ukiwa mkavu ni vumbi, ukipata manyunyu ni sabuni.

Mjukuu wangu alinichukua kwa fundi. Fundi huyo, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufi, aliizunguka baiskeli ya baba mara mbili kwa heshima kubwa, akagonga fremu kwa ukucha, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainama nyuma, akahesabu kwa kidole. "Mzee," akaniambia, "hii ni mashine. Lakini hii friwili ni ya bahari. Meno 18 hapa kwetu ni ya kuteremka. Tumwekee kijana 20, ama 22."

Msomaji wangu, hapo ndipo nilipokosea. Nilimjibu kwamba friwili ile ilizungushwa na baba yangu, kwamba mashindano ya baiskeli za kale maana yake ni baiskeli za kale kama zilivyotoka dukani, na kwamba kubadili meno ili upande mlima kwa wepesi ni ujanja, si ushindani. Nilisema maneno mengi, na kwa kuwa nimefundishwa kusema, yalikuwa mazuri. Mjukuu wangu alitaka kusema neno akaniangalia, akanyamaza, kwa adabu aliyolelewa nayo. Fundi alifuta mikono yake kwa kitambaa. "Sawa, Mzee," akasema, na mtu wa bara akikwambia sawa kwa sauti ile, ujue si sawa.

Shindano lilikuwa Jumapili. Walikuwa vijana 14: wachukuzi wa maziwa, wachukuzi wa maji, mwanafunzi mmoja wa fundi, wanafunzi wa shule, na mjukuu wangu. Hapakuwa na bango wala kipaza sauti. Zawadi ya kwanza ilikuwa tairi mbili mpya, na kwa mchukuzi wa maziwa tairi mbili mpya si mchezo, ni riziki ya miezi. Njia ilishuka kutoka mtaani kwa kijia cha katikati ya mibuni, ikavuka daraja la magogo, ikapanda mgongo wa pili chini ya mikalitusi, ikafuata barabara ya murram iliyo karibu sawa kwa muda, kisha ikazunguka kurudi. Mizunguko miwili. Mwenyeji wangu alikisia kila mzunguko kilometa 6.

Katika mteremko wa kwanza mjukuu wangu alikuwa wa tatu, na babu yake alikuwa akipiga kelele ambazo hazikumstahiki mtu wa umri wangu. Walipovuka daraja na kuanza kupanda, nikaona kwa macho yangu kile ambacho fundi alikiona kwa kidole. Kijana alisimama juu ya pedeli, akaulalia usukani, akakanyaga kwa uzito wake wote, na kila mkanyago ulikuwa kama mtu anayejaribu kung'oa kisiki. Gurudumu la nyuma liliteleza katika ule udongo, maana nguvu ilikuwa ikija kwa vishindo. Mara ya tatu ikamwangusha. Akakokota. Waliokuwa nyuma yake wakampita wakiwa wameketi juu ya viti vyao, wakizungusha miguu kwa upole, pumzi zao zikionekana katika baridi kama moshi wa ubani. Alimaliza wa 11, goti lake la kulia limevimba, na jioni ile mama yake alipokuwa akimkanda kwa maji ya moto hakuniambia neno baya. Aliniuliza tu, "Ami, utakunywa chai?" Nikajua nimehukumiwa.

Usiku huo nilihesabu. Na kwa kuwa najua wako wasomaji wanaopanda baiskeli kila siku bila ya kufanya hesabu hii, kama nilivyokuwa mimi, niruhusuni tuifanye pamoja, kwani haizidi hesabu ya duka. Chukua meno ya mbele, yagawe kwa meno ya nyuma: 44 kwa 18 ni mbili na nusu kasoro kidogo. Hiyo ndiyo idadi ya mizunguko ya gurudumu kwa kila mzunguko mmoja wa pedeli. Gurudumu la Black Mamba ni la inchi 28, na kwa mzunguko mmoja hutembea kiasi cha mita 2 na robo. Kwa hiyo kila mara mguu unapozunguka, baiskeli ya baba huenda karibu mita 5 na nusu. Ukiweka friwili ya meno 20 huenda kiasi cha mita 4.9. Ukiweka ya 22 huenda mita 4 na nusu. Tofauti ya hatua moja ya mtu mzima! Waweza kudhani si kitu.

Lakini tazama mlimani. Kijana anayepanda kwa mwendo wa kilometa 8 kwa saa, akiwa na meno 18, huzungusha pedeli mara 24 tu kwa dakika, yaani kila mzunguko huchukua sekunde mbili na nusu, na muda huo wote goti limebeba mwili, baiskeli na mlima. Mwenye meno 22 huzungusha mara 30 kwa mwendo ule ule, na kila mkanyago wake ni mwepesi kwa sehemu mbili katika kumi na moja. Hakuongezewa nguvu na mtu. Mzigo ni ule ule, ila ameugawa mafungu mengi madogo. Chuoni mwalimu wetu alitugawia hivyo hivyo: mkubwa alihifadhi nusu ukurasa kwa siku, mdogo aya tatu, na hakuna aliyemwambia yule mdogo kwamba anafanya ujanja.

Na wala sisemi kwamba meno mengi ni bora siku zote, maana hapo ningekuwa nimeondoka katika ujinga mmoja nikaingia wa pili. Mshindi wa siku ile hakuwa mwenye 22. Yule mchukuzi wa maji, aliyekuwa na meno 22, ndiye aliyefika juu wa kwanza katika mizunguko yote miwili. Lakini ilipokuja ile murram ya sawa, na mwendo ukafika kama kilometa 25 kwa saa, miguu yake ilibidi izunguke mara 93 kwa dakika, ikawa kama cherehani, wakati wenye 18 walitosheka na mara 76. Wakampita. Alipata nafasi ya tatu. Aliyeshinda ni mchukuzi wa maziwa mwenye meno 20, ambaye hakuwa wa kwanza mlimani wala wa kwanza kwenye sawa, ila hakupoteza sana popote. Tena palipokuwa pakali zaidi, hatua kama 50 chini ya mikalitusi, alishuka kwa hiari yake, akakimbia ameshika usukani, akapanda tena juu, wakati wengine wakigombana na pedeli. Nilipomuuliza kwa nini 20, alinijibu kwamba anapita njia ile kila asubuhi na maziwa lita 60, na friwili alizokwisha kujaribu ni nne. Huyo hakukisia. Amesoma njia kama hafidh alivyosoma.

Kwa hiyo ule ubishi uliozuka baada ya shindano ulinikuta nikiwa upande usio wangu tena. Kijana mmoja mwenye meno 48 mbele na 18 nyuma, aliyeongoza kwenye sawa kisha akakatikiwa na mnyororo mlimani, alidai kwamba mshindi anyang'anywe tairi, kwa hoja ile ile niliyoitoa mimi kwa fundi: friwili si ya asili, baiskeli imebadilishwa. Watu wakamgeukia Mzee wa Mombasa mwenye kofia ya kitojo, kwa kuwa mvi hudhaniwa kuwa elimu. Nikasema hapana, mshindi ameshinda kwa haki. Mjukuu wangu alikuwa ameketi ukingoni na goti lake. Aliniangalia, na sitamsahau alivyoniangalia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiri jambo hili, nami nimeona kwamba ubishi ule si wa Skuta peke yake, ni mkongwe kama baiskeli yenyewe. Henri Desgrange, Mfaransa aliyeanzisha mashindano ya Tour de France mwaka 1903, alikuwa adui mkubwa wa gia za kubadilisha. Aliona kwamba gia ni za watu waliopita miaka 45, na kwamba kijana ashinde kwa misuli yake. (Mimi nimekwisha vuka hamsini, kwa hiyo fatwa yake inaniruhusu.) Hazikuruhusiwa katika mashindano yake hadi 1937. Lakini watu husahau kwamba hata katika miaka ile ya katazo wapandaji wake walikuwa na magurudumu yenye meno pande zote mbili, upande huu meno machache kwa njia ya sawa, upande ule mengi kwa mlima. Wakifika chini ya mlima walishuka, wakalifungua gurudumu, wakaligeuza, wakalifunga tena. Hata yule aliyekataza gia hakumkataza mtu kuchagua meno. Asili niliyoitetea mimi kwa fundi, basi, haikuwako hata siku za asili.

Mabaharia wetu walilijua hili bila ya vitabu. Nahodha hapandishi tanga lile lile kwa upepo mdogo na kwa upepo wa kusi, na hakuna aliyesema chombo kimeharibiwa asili yake kwa kupunguza tanga. Na sisi watunzi, je? Utenzi huenda kwa vipande vya mizani 8, shairi kwa mishororo ya mizani 16. Mwenye safari ya beti elfu huchagua hatua fupi, maana akitwaa ndefu pumzi itamkatikia kabla hajafika vitani. Hakuna mhakiki wa Lamu wala wa Mombasa aliyemwambia mwenye utenzi kwamba amekwepa uzito. Mimi niliyejua haya yote nilikwenda kumfunga kijana kwa mizani isiyo yake, kwa sababu tu ilikuwa ya baba.

Liko na jambo la pili, na hili lanikera zaidi. Mashindano ya baiskeli katika njia za vumbi yamekuwa na heshima kubwa duniani. Huko Italia, katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti, tangu mwaka 1997 hufanywa mkusanyiko uitwao L'Eroica, na sharti lake ni baiskeli ya mbio iliyoundwa kabla ya 1987. Maelfu ya watu husafiri kutoka nchi za mbali, hulipa, huvaa sufi za kizamani, ili wapande vilima vya changarawe nyeupe kwa baiskeli nzee. Hapa kwetu, tangu 2021, yako mashindano ya Migration Gravel Race katika nchi ya Wamasai Mara, ambako Wakenya hushindana na Wazungu wa daraja ya juu. Marehemu Suleiman Kangangi, aliyekuwa nguzo ya vijana hao, alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, katika njia za namna hiyo hiyo, Mungu amrehemu. Chris Froome, aliyetwaa Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alizaliwa Nairobi na alianza kufundwa na David Kinjah, Mkenya mwenzetu, katika njia za vumbi za Kikuyu. Hakuna awezaye kusema kwamba murram ni ya kubahatisha.

Lakini Black Mamba ikiingia katika mashindano makubwa yenye mabango na wadhamini, mara nyingi huingizwa kama kichekesho. Nimeona mwenyewe, mahali ambapo sitapataja: mbio za baiskeli za kisasa zikimalizika, watu wameanza kukunja viti, ndipo wachukuzi wa maji wakaitwa, wakaambiwa wazunguke uwanja mara tatu huku mtangazaji akiwatania, na zawadi ikawa mfuko wa unga na fulana. Watu wakacheka. Nami, naungama, nilicheka. Hawa ni watu wanaopanda kilometa nyingi kwa siku kuliko wengi wa wale waliopewa vikombe, na mzigo juu yake! Haki yao si kuhurumiwa. Haki yao ni kupewa njia ya kweli, saa ya kweli, zawadi ya kweli, na sheria iliyofikiriwa.

Na sheria yenyewe, kama ningeulizwa, isingekuwa ndefu. Fremu iwe ya chuma, ya namna ile ya zamani. Meno ya mbele yawe moja, ya nyuma yawe moja, bila ya kubadilisha mwendoni. Lakini idadi ya meno iachiwe mpandaji, achague kama anavyochagua viatu, na achague baada ya kuonyeshwa njia, si kabla. Breki zikaguliwe, zote mbili, na asiye na breki asishuke bonde. Hili la breki nalisema kwa sababu lina uhusiano na meno kuliko inavyodhaniwa. Ukitoa friwili ya 18 ukatia ya 22 na mnyororo ukabaki ule ule, gurudumu la nyuma lazima lisogee mbele nusu inchi. Na zile breki za fito hazimfuati mtu: raba zinabaki mahali pake, ukingo umehama, na siku ya mteremko raba inakwenda kukaba hewa, au kukaba spoku. Fundi wa Skuta haongezi meno manne asiongeze inchi moja ya mnyororo ili gurudumu likae pale pale. Fundi mmoja wa huku kwetu, niliyempa kazi hiyo hiyo baada ya kurudi, alinisogezea gurudumu akanipa baiskeli akaniambia tayari. Ningekuwa Nyeri ningekuwa nimezikwa Nyeri.

Watasema wengine, na nimeshaambiwa, kwamba haya yote ni kupiga makelele juu ya chombo kinachokufa. Kwamba pikipiki imekwisha chukua kazi. Ni kweli kwamba bodaboda ilizaliwa ikiwa baiskeli, huko mpakani mwa Kenya na Uganda, na leo mtu akisema bodaboda wengi hawakumbuki pedeli. Lakini pikipiki hula petroli, na mchukuzi wa lita 60 za maziwa amekwisha fanya hesabu hiyo pia. Wala wenye viwanda hawadhani kwamba chombo kinakufa. Shirika la World Bicycle Relief, ambalo baiskeli zake nzito za Buffalo zimeenea Afrika, Kenya ikiwamo, lilitoa mwaka 2023 Buffalo yenye gia mbili isiyo na waya wala kishikizo chochote: ina minyororo miwili na friwili mbili, na mpandaji akirudisha pedeli nyuma kidogo inahama kutoka nzito kwenda nyepesi, akirudisha tena inarudi. Yaani yale magurudumu ya kugeuzwa ya Wafaransa yamerudi, ila sasa mtu hashuki. Nilipomweleza fundi wa Skuta alinyamaza kitambo, kisha akauliza ikiharibika inafunguliwa kwa spana namba ngapi. Sikuwa na jibu, na naona swali lake ni bora kuliko sifa zangu zote.

Sisi watu wa pwani tusidhani kwamba habari hii haituhusu. Mwenye kubisha aondoke Kombani aipande ile barabara hadi Kwale mjini na friwili yake ya kisiwani, akipenda na mafungu mawili ya nazi kwenye keria, kisha aniandikie. Wauza mkate wetu, wauza samaki wetu, wauza madafu, wote wanapanda meno waliyouziwa na duka, na duka huuza meno yaliyofika katika sanduku. Magoti yanayouma wanayaita baridi yabisi. Sidai kwamba kila ugonjwa wa goti watoka kwenye friwili, mimi si daktari. Nasema tu kwamba friwili ya meno 20 haizidi bei ya chakula cha mchana hotelini, na hakuna aliyewahi kutuambia tuijaribu.

Goti la mjukuu wangu lilipoa baada ya majuma mawili. Fundi alimwekea 20 na akamwongezea nusu inchi ya mnyororo, na kwa mujibu wa barua yake ya mwisho alishiriki tena mwezi wa Desemba akatoka wa nne, nyuma ya yule mwenye maziwa, ambaye amechukua tairi kwa mara ya pili na sasa, nasikia, anazikodisha. Mwisho wa barua kijana aliuliza: "Babu, ile friwili ya meno 18 ya babu mkubwa, fundi aitupe au aiweke?"

Nimemjibu aisafishe kwa mafuta ya taa, aipake grisi, aifunge kwa kitambaa na aje nayo Mombasa Idi ikifika. Kivuko cha Likoni bado kipo.